Kiwanda cha Katikati: Kutoka Lamu Hadi Matuga



Tunapenda wiki hii kuwasimulia safari mbili. Ya kwanza ilitupeleka Lamu kupima nyumba ya zamani. Ya pili ilituvusha kivuko cha Likoni hadi Matuga kujenga nyumba mpya. Jambo lililotusukuma ni jambo linalozikuta familia nyingi za mwambao, na huenda likawafaa wenye haja.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia kiwanja kule Matuga. Mama alikuwa amemtangulia, nasi watoto tulikuwa wanne: wanaume watatu na dada mmoja. Kwa hivyo mirathi ilikwenda kwa mafungu saba, kila mwanamume mafungu mawili na dada fungu moja. Dada huyo amefiwa na mume, naye ana watoto wanne wa kulea. Hesabu ya sharia haikuwa na ugumu. Ugumu ulikuja tulipouliza nini kijengwe.

Mdogo wetu alikuwa na rai yake: tujenge safu mbili za vyumba vinane vinavyotazamana, baina yake ujia mwembamba, kimoja akae dada na vilivyobaki vipangishwe, kodi igawanywe kwa mafungu. Rai hiyo ilikuwa na akili, maana kodi ni riziki ya halali. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na mimi, kaka zangu, nikitaka kuota jua nitakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jawabu. Tukaamua kwenda Lamu kwa shangazi yetu, ambaye bado anaishi katika nyumba ya mawe ya wazee wake, tukaione nyumba iliyojengwa na watu waliokuwa wamelifikiria swali hilo kabla yetu. Tulifuatana na mdogo wetu mwenye rai ya vyumba vinane, na mkobani tulitia futi ya kamba, penseli na daftari.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri. Tulipita Kilifi na Malindi, tukavuka mto Sabaki, kisha Garsen na mto Tana, na baada ya Witu tukafika Mokowe mavumbi yametujaa hadi kwenye kope. Pale tulipanda mashua, na baada ya muda mfupi mji wa Lamu ukatokea mbele yetu, kuta zake zimebanana kama watu waliosimama safu moja. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kwetu sisi siku hiyo ulikuwa ni nyumba ya shangazi tu.

Tulipiga hodi kwenye daka. Msomaji ambaye hajaingia nyumba ya Lamu na ajue kwamba mlango ukifunguliwa huoni kitu cha ndani. Unaingia ukumbi mdogo, unageuka, ndipo unapotokea kiwandani. Kwa neno kiwanda hatukusudii mahali pa mitambo, bali ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu, ambao vyumba vyote huuelekea. Kona ile ya mlangoni imefanya kazi ya pazia kwa miaka mingi: mgeni hukaa dakani akazungumza na mwenye nyumba, na wanawake ndani wakaendelea na shughuli zao pasi na kukimbilia mitandio. Dini yetu imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Mafundi wa Lamu walilijenga funzo hilo kwa mawe na chokaa.

Asubuhi tulianza kupima. Kiwanda kilikuwa na futi 15 kwa futi 13. Kuta zilikuwa nene karibu dhiraa moja, za mawe ya matumbawe na chokaa, na ndiyo sababu ndani mlikuwa na baridi ilhali nje jua limeshapamba moto. Vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, na upana wa kila kimoja ulikaribia sana upana wa mwenzake. Mdogo wetu alidhani tumekosea kupima. Shangazi akacheka, akaonyesha juu kwa kidole.

"Tazameni boriti, wanangu. Mkoko haurefuki kwa kutaka kwa fundi. Chumba hufuata boriti."

Hapo tulifahamu jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria. Wazee wetu hawakuchora nyumba kwanza kisha wakatafuta vifaa. Walishika kipimo cha kifaa walichonacho, nacho kikawa ndicho kipimo cha nyumba nzima.

Lakini lililotugusa zaidi lilikuja jioni, tulipomuuliza kwa nini katika vizazi vyote vilivyopita hakuna aliyekijenga kiwanda akapata chumba cha ziada. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Marehemu baba yangu alikuwa akitwambia kwamba kila chumba kina mwenyewe, ila kiwanda ni cha wote. Ukikijenga, umempa mmoja na umewanyang'anya waliobaki." Mdogo wetu hakusema neno. Usiku huo tulimwona kasimama kiwandani peke yake, anatazama nyota.

Tuliporudi, swali likawa ni vifaa. Kujenga kwa matumbawe na boriti kama zamani hakukuwezekana kwa mfuko wetu. Kuta nene zinahitaji mawe mengi na mafundi wa chokaa ambao ni wachache. Mikoko nayo ni amana. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, wakataji wa boriti nao waliguswa. Fundi mmoja wa Matuga akatushauri tutumie matofali ya zege ya kufungamana.

Tofali hilo lina ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, hivyo la juu huketi juu ya la chini likashikana nalo bila udongo wala saruji katikati. La kwetu lilikuwa na urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Lilifyatuliwa pale pale kiwanjani kwa mashine ya mkono, kwa saruji, mchanga na vumbi la mawe. Wenzetu wa Tanzania hutumia pia udongo uliochanganywa na saruji kidogo, pale udongo unapofaa. Matofali hayachomwi, kwa hivyo hakuna kuni zinazoteketea. Huwekwa kivulini na kunyweshwa maji kwa siku 7 au zaidi, na uimara wake huhesabiwa baada ya siku 28.

Tulipokaa na fundi kuchora, tulikumbuka maneno ya shangazi kuhusu boriti. Tofali lilikuwa ndiyo boriti yetu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3.6 ni matofali 10 kwa 12, hakuna la kukatwa. Kiwanda tulikipa mita 4.5 kwa mita 3.9, yaani matofali 15 kwa 13, karibu sawasawa na kile cha Lamu. Mlango wa mbele tukauwekea kona yake. Vyumba vya kupangisha vikapungua kutoka saba hadi vinne, navyo tukavipa mlango wao wa nje, mbali na macho ya kiwandani. Mdogo wetu aliikubali hasara hiyo, na tunamshukuru hadharani, kwa kuwa ana watoto wa kusomesha na fungu lake la kodi lilipungua kama letu.

Tusiwafiche kosa letu. Safu ya kwanza ya matofali hulazwa juu ya msingi kwa saruji, nayo lazima inyooshwe kwa uzi na pimamaji kila upande. Sisi tulikuwa na haraka kwa sababu mvua za masika zilikaribia, tukamhimiza fundi. Ukuta ulipanda vizuri hadi safu ya 9, ndipo pembe ya kiwanda ikakataa kufunga. Ulibaki mwanya wa upana wa kidole. Kwa ujenzi tuliouzoea fundi angeujaza mwanya kwa saruji akaufunika kwa plasta, na asingejua mtu. Tofali la kufungamana halikubali hila hiyo.

"Sheikh," alisema fundi, "kosa liko chini. Huku juu hakuna dawa."

Ukuta ukateremshwa wote. Faraja ilikuwa moja: kwa kuwa hapakuwa na saruji baina yao, matofali yalitoka mazima na yakatumika tena. Tulipoteza siku nne, tukabaki na somo ambalo tumelisomesha madrasa kwa miaka mingi bila kulionja.

Kwa anayetaka kujenga hivi, tunaongeza machache tuliyojifunza. Pembeni na kandoni mwa milango, tundu za matofali zitiwe nondo na zege, na juu ya kuta ipite mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja. Usitumie mchanga wa pwani wenye chumvi, utakula nondo. Sakafu ya kiwanda ishuke chini ya sakafu ya vyumba, sisi tuliishusha kimo cha tofali moja, na njia ya maji ya mvua ichimbwe kabla ya paa kuezekwa. Ya kwetu hupeleka maji kwenye birika. Wala usidanganyike kwamba ukuta wa sentimita 15 utakupa baridi ya ukuta wa Lamu. Zege hushika joto. Tulizungusha kibaraza chenye paa pande tatu za kiwanda ili jua lisipige ukuta, tukapaka chokaa nyeupe, na madirisha tukayaelekezea ili upepo uingie kwa huku utokee kwa kule.

Dada yetu alihamia kabla ya Ramadhani. Siku ya kwanza tulikwenda sote kumsaidia kupanga vyombo. Baada ya Alasiri mlango wa nje ulifungwa, wageni wakawa wameondoka. Alitoka chumbani akavua buibui, akalitundika msumarini, akatandika mkeka katikati ya kiwanda palipokuwa na jua na kumkalisha binti yake mdogo mbele yake, akaanza kumsuka nywele. Mdogo wetu alikuwa ameketi kibarazani na kikombe cha kahawa. Dada akamwambia, bila kugeuka: "Kaka, jawabu lenu nimelipata."