Nyumba Iliyoupisha Muiri

Kwa mtu wa pwani, safari ya Fort Ternan ni safari ya kuagana na minazi. Tulipanda treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha gari la abiria hadi Kericho, na kutoka hapo tukateremka kuelekea bonde la Nyando, tukiyaacha mashamba ya chai nyuma yetu. Miti mirefu iliyopakana na mashamba yale ilikuwa mikaratusi, wageni wa kutoka Australia, ambao kuni zao hukausha majani ya chai viwandani. Miti ya asili ilikuwa imebakia mabondeni na katika viwanja vya watu.

Mji wenyewe ni mdogo, lakini jina lake limefika mbali. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901. Mwaka 1961, katika shamba la mkulima Fred Wicker, Louis Leakey na wenzake walifukua mabaki ya nyani wa kale pamoja na mifupa ya swala na jamaa za twiga, yote ya umri wa takriban miaka milioni 14.

Sisi hatukuifuata mifupa. Tulikwenda kumtazama mjomba wetu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyeoa huko na sasa anajenga nyumba ya uzeeni. Kiwanjani mwake ilisimama miti miwili mikubwa: mtini wa mwitu uitwao simotwet na Wakipsigis, ulioko mpakani, na muiri, ambao wao huuita tendwet, uliosimama pale pale ramani ilipoweka ukumbi.

Fundi alisema ukatwe. Mnunuzi wa mbao akaja na bei iliyotosha kununua mabati ya nyumba nzima, na mjomba hakuwa na fedha za mabati. Mkewe naye aliafiki, kwa sababu yake mwenyewe: tawi kavu lilikwisha kuanguka usiku karibu na jiko, mahali wanapocheza wajukuu. Hayo hayakuwa maneno ya kupuuzwa.

Siku tatu mjomba hakutoa jibu. Muiri hukua taratibu, na gome lake hutafutwa sana kwa dawa, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu 1995. Alijua kwamba akiukata, hataishi kuuona mwingine wa kimo kile. Siku ya nne akaikumbuka nyumba ya mawe aliyozaliwa, ambayo vyumba vyake vilikizunguka kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu.

“Kwetu tulizunguka hewa,” alimwambia fundi. “Hapa tutazunguka mti.”

Ramani ikachorwa upya, nyumba ikawa mikono miwili inayokutana pembeni, na muiri ukabaki uwanjani. Mizizi ya mti mkubwa haiendi chini tu. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikapita mbali kuliko kivuli chake. Ikikatwa karibu na shina, mti hupoteza mshiko na huweza kuiangukia nyumba ile ile. Kwa hiyo mkono ulio jirani na mti haukuchimbiwa msingi wa mfululizo, bali ulisimamishwa juu ya nguzo za zege, na mashimo yake yakachimbwa kwa mkono katikati ya mizizi. Udongo haukurundikwa shinani, wala saruji haikukorogwa kivulini. Shimo la choo likahamishiwa upande wa pili. Na kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, mkwezi alipanda akaondoa matawi makavu yote. Hofu ya mke wa mjomba ikajibiwa kwa panga, si kwa maneno.

Gharama ilikuwepo. Chumba kimoja cha kulala kilipotea, mkono mmoja wa nyumba ungali chini ya turubai, na mifereji ya paa huzolewa majani kila wiki.

Jioni yetu ya mwisho, baada ya Alasiri, mke wa mjomba alitandika mkeka chini ya muiri, akatazama juu kwanza, kisha akawaita wajukuu waje wakae. Nasi tukakaa. Mwenyezi Mungu awajaalie kuimaliza nyumba yao kwa heri.