Kongwa: Choo, Nzi na Macho ya Watoto

Ukisafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma, utapita Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi. Mbele yake utafika Mbande. Shuka hapo. Barabara inayokata kushoto inakwenda Kongwa.

Nchi hii ni kavu. Mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Watu wanalima mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti. Wanafuga ng'ombe na mbuzi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa shamba kubwa sana la karanga. Walileta matrekta mengi. Udongo ulikuwa mgumu na mvua haikutosha. Mwaka 1951 waliuacha mpango huo. Matrekta yaliondoka, ukame ukabaki.

Mimi ni bwana shamba, siyo bwana afya. Lakini mkulima asiyeona vizuri hawezi kupalilia. Kwa hiyo habari ya macho ni kazi yangu pia.

Kwa miaka mingi Kongwa ilisumbuliwa na trakoma, ugonjwa ambao wengi wanauita vikope. Katika miaka ya 1980 wataalamu walikuja kuuchunguza. Ugonjwa huu huanza utotoni. Macho yanakuwa mekundu na kutoa tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zake zinageukia ndani ukubwani. Zinakwaruza jicho mpaka linapofuka. Siku hizi ugonjwa umepungua sana, kwa sababu ya dawa na kunawa uso.

Wabebaji wake ni mikono, nguo na nzi. Yuko nzi mmoja mdogo anayependa kukaa kwenye macho ya watoto. Nzi huyo hutaga mayai kwenye kinyesi cha watu kilicho wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazai vizuri. Basi kinyesi kikiingia shimoni, nzi huyo anapungua. Kikibaki kichakani, anaongezeka.

Vyoo vipo. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusoma. Watu wapatao milioni 2 walijiunga, na vyoo vingi vilichimbwa nchini. Lakini choo kuwapo ni jambo moja, na kutumika ni jambo lingine.

Nilifika kwenye nyumba moja ya tembe nikapiga hodi. "Mbukwenyi!" Nilikaribishwa vizuri. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo, na njia yake ilikuwa imeota majani. Nikamwuliza mama mwenye nyumba, "Mama, choo hiki mnakitumia?" Akacheka kidogo. "Bwana shamba, kinanuka. Watoto wanakiogopa. Na maji ya kukioshea nitayatoa wapi? Ndoo moja naifuata mbali."

Alisema kweli. Choo kichafu kinawarudisha watu porini, hata kama kilichimbwa kwa jasho. Tukakisafisha pamoja, na maji yetu yalikuwa beseni moja tu la maji yaliyokwisha fulia nguo. Maji hayo bado yana sabuni. Usiyamwage.

Kwanza tuligonga sakafu kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Sakafu nyingi za huku ni magogo yaliyokandikwa udongo. Mchwa wakiyala, mtu anaweza kutumbukia. Magogo haya yalikuwa mazima. Tukafungua mlango na kuondoa mfuniko ili mwanga uingie. Tukafagia utando wa buibui juu, kisha kuta, kisha sakafu. Ukianza na sakafu utafanya kazi mara mbili.

Uchafu uliokauka tuliukwangua kwa kijiti na kuusukumia shimoni. Halafu tukanyunyiza majivu yaliyopoa kabisa, hasa kuzunguka tundu. Huko ndiko harufu inakotoka. Tukasugua kwa ufagio mgumu uliochovywa kwenye maji ya sabuni. Sakafu ya udongo usiimwagie maji mengi, maana magogo yataoza. Sakafu ya saruji unaweza kuimwagia, ukayasukuma maji mpaka tundu.

Tukaugeuza mfuniko. Upande wa chini ulikuwa mchafu kuliko sakafu yenyewe! Watu wengi wanausahau, pamoja na komeo la mlango na kopo la maji. Vyote tulivisugua. Penye nyufa mama alikandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu.

Shimoni tulitia majivu tu. Dawa kali za kuulia vijidudu usizimwage humo, kwa sababu zinaua pia vijidudu vinavyoozesha kinyesi, na shimo litajaa mapema. Wenye vyoo vya kuvuta maji wanaweza kutumia dawa hizo, lakini wasichanganye mbili pamoja. Nyingine zikichanganyika hutoa hewa ya sumu.

Mama akauliza, "Na kinyesi cha mtoto mchanga? Si hakina madhara?" Kina madhara, mama. Nzi habagui. Kizolewe kikatupwe shimoni.

Ufagio wa choo uwe wa choo tu. Mlangoni tukatundika kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Sabuni ikikosekana, majivu yanafaa kunawia mikono. Kufagia na kunyunyiza majivu ni kazi ya kila siku. Kusugua kama tulivyofanya ni mara moja kwa juma, siku ya kufua.

Shimo likibakiza nusu mita kujaa, chimba jingine. La zamani lifukie kwa udongo mpaka juu, kisha panda mti wa matunda. Huko Kongwa nimeuona mpapai uliopandwa hivyo. Umezaa vizuri kuliko ile ya shambani.