Udongo wa mfereji uliotuozesha mihogo

Hapa kwetu katika bonde la Ruzizi, mfereji wa mashamba ya mpunga ukizibuliwa, matope hutupwa kando. Weusi wake ulitudanganya. Tulichukua pesa ya likelemba, tukakodi kipande kilichojaa matope hayo, tukapanda mihogo. Wakati wa jua udongo ulipasuka. Mvua iliponyesha, maji yalisimama siku nyingi. Mihogo ikaoza ardhini, na pesa ya shule ya watoto ikaenda nayo. Tulilaumiana hata kusalimiana kukawa shida.

Sasa tumeelewa. Maji yanayokwenda polepole huacha chini udongo laini wa mfinyanzi. Ukishikamana, maji hayapenyi, na mizizi inakosa hewa.

Kabla ya kukodi, chimbeni shimo la kufika magotini, mlijaze maji jioni. Kama asubuhi bado yamo, msipande mihogo. Sisi pale tumechimba njia za maji, tumeinua matuta ya mboga, na sehemu ya chini tumepanda mpunga. Likelemba imeanza upya, na tunasalimiana tena.