Tovuti Gani Tuwafungulie Watoto Wetu?

Katika mikutano ya jumuiya zetu hai za msingi hapa Kolwezi limekuwa la kawaida swali ambalo miaka kumi iliyopita hatukulisikia. Wazazi hutujia sisi walimu wa dini wakitaka kujua, baada ya mambo ya ubatizo na komunyo ya kwanza, ni kitu gani chema mtoto anaweza kukitazama katika simu. Hawaulizi tena kama simu iingie nyumbani. Imekwisha kuingia. Baba yuko machimboni kwa zamu ya usiku, mama amekwenda sokoni alfajiri, na simu ya zamani ya kaka mkubwa, yenye kioo kilichopasuka, imebaki mikononi mwa mtoto wa miaka sita. Anachokiona humo ni kile kilichomjia chenyewe: vipande vifupi vya ngoma na mizaha, pamoja na kamari iliyovishwa rangi za kitoto. Kilicho chema hakimjii mtu, sharti kitafutwe.

Nacho kipo, tena kingi hakidai malipo. Wachache kati yetu tuliosomea ualimu tumekuwa tukikaa na wazazi na watoto siku za Jumamosi alasiri, kompyuta moja na simu tatu mezani, tukijaribu tovuti moja baada ya nyingine. Tunayoyaandika hapa yametoka katika meza hiyo, pamoja na maoni yetu, ambayo baadhi ya wenzetu bado wanayapinga.

Tulianza kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ya watu waliopita katika shule zetu. Ipo kamusi elezo iitwayo Vikidia, iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Makala zake ni fupi, sentensi zake ni nyepesi, wala haina matangazo ya biashara. Ni kazi njema kabisa. Lakini tuliona mezani jambo lililotusumbua. Mtoto wa darasa la tano alisoma kwa sauti, akafurahi, akamgeukia mama yake. Naye mama akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa katika karamu ya wageni. Mama huyo anauza samaki wa kukausha, na hesabu za kichwani anazifanya upesi kuliko sisi, lakini masomo yake yalikatika darasa la tatu. Kila ukurasa mzuri wa Kifaransa uliofunguliwa ulimwongezea mtoto maarifa na kumpunguzia mama nafasi yake mezani. Hatusemi Kifaransa kiachwe. Ndicho lugha ya mitihani, na mtoto asiyekijua hatafika mbali katika nchi yetu. Twasema tu kwamba familia ikitaka kujifunza pamoja, haina budi kuanzia katika lugha ambayo wote waliopo wanaweza kubishana ndani yake.

Kwa upande wa Kiswahili tunawashukuru majirani zetu wa mashariki. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha vipindi vya Ubongo Kids katika televisheni ya Tanzania mwaka 2014. Humo watoto wa kijiji kiitwacho Kokotoa hutatua mashaka yao kwa hesabu na sayansi, na masomo hufuatana na nyimbo. Kwa wadogo zaidi kuna Akili and Me, kisa cha msichana wa miaka minne anayekaa chini ya mlima Kilimanjaro, ambaye alalapo huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza herufi, namba na jinsi ya kutaja yaliyomo moyoni mwake. Vipindi hivyo vinapatikana pia kwa Kifaransa, lakini tuliviacha katika Kiswahili. Swali la kwanza la hesabu lililotokea, yule mama muuza samaki ndiye aliyelijibu, kabla ya watoto wote, na binti yake akapiga makofi.

Kisha tukafika African Storybook, kazi ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Ni maktaba ya hadithi fupi zenye picha, katika Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingi za Afrika, zimepangwa kuanzia zile zenye maneno machache kwa kila ukurasa hadi zile ndefu. Yeyote aweza kuzipakua, kuzichapisha kwenye karatasi, kuzitafsiri, hata kuandika yake, bila kuomba ruhusa wala kulipa. Sisi tuliozoea kuandika hadithi ubaoni kwa chaki, kwa kuwa darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja, tulikaa kimya kidogo mbele ya maktaba hiyo.

Hata hivyo Kiswahili chake ni cha Kenya na Tanzania, na watoto wa Kolwezi hawakuchelewa kuligundua hilo. Walipokutana na ugali waliuliza ni chakula gani. Bibi mmoja akawaambia: ni bukari, wajukuu zangu, bukari hii hii. Kisamvu je? Ni sombe. Ikawa mchezo: mtoto asoma neno la kitabuni, bibi atoa neno la nyumbani, na mwenye kalamu aandika yote mawili katika daftari. Daftari hilo sasa lina kurasa kumi na moja. Mwalimu mwenzetu mmoja alihofu kwamba tunawachanganya watoto. Sisi tunaona kinyume: mtoto anayejua kwamba kitu kimoja kina majina mawili, na kwamba jina la nyumbani kwao si kosa, ameanza kusoma kwa akili. Tena somo hilo hakulipata katika tovuti. Alilipata kwa bibi, ila tovuti ndiyo iliyofungua mazungumzo.

Sasa tuseme habari ya gharama, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Picha zinazotembea hula mega nyingi, na familia inayonunua unga kwa meka haiwezi kununua mega kila siku. Umeme nao hukatika. Kwa sababu hiyo tunapendelea kila kitu kinachoweza kupakuliwa mara moja na kukaa. Iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo huhifadhi tovuti nzima ndani ya simu au kompyuta ili isomwe bila intaneti. Vikidia inapatikana kwa njia hiyo, na Wikipedia pia. Mmoja hupakua mahali penye mtandao wa nguvu, wengine hunakili kutoka simu hadi simu. Wako pia vijana wa vibanda vya barabarani ambao hujaza filamu na nyimbo katika kadi za kumbukumbu kwa malipo kidogo. Tulimwendea mmoja, tukamwomba aweke pia kamusi elezo na hadithi za watoto. Akakubali, kwa bei ile ile ya filamu. Hatukuweza kumlaumu, ndiyo kazi yake.

Kamusi elezo hiyo iliyohifadhiwa ndiyo iliyotuletea Jumamosi iliyo bora kupita zote. Mvulana wa miaka kumi na mitatu, mmoja wa wale ambao siku zisizo za shule huenda kuchambua na kuosha mawe, aliomba tutafute kobalti. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, lakini madarasa yamefurika, na si kila nyumba inaweza kungoja matunda ya masomo. Watoto wa namna yake tunao wengi. Jiwe lenyewe analijua kwa rangi na kwa uzito. Ila hakuwa amepata kusoma kwamba nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, wala kwamba inatumika katika betri za simu kama ile tuliyokuwa tumeishika. Kisha tukasoma asili ya jina: wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walipata mawe yaliyofanana na yenye madini ya thamani, wakayachoma, wakapata moshi wa sumu tu. Wakasema ni hila za Kobold, pepo mkorofi akaaye migodini. Mvulana akauliza: basi hata wazungu waliogopa pepo wa chini ya ardhi? Watu walicheka. Mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, akaanza kusimulia aliyoyaona na kuyasikia chini huko, na betri ya kompyuta ilipokwisha hakuna aliyeinuka.

Juma lililofuata tulitafuta misalaba ya shaba ya Katanga. Msichana mmoja alidhani ni misalaba ya Bwana wetu. Hapana: ni vipande vya shaba vilivyomiminwa na mafundi wa nchi hii karne kadhaa kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, vikatumika kama fedha, na pengine kuwekwa kaburini pamoja na marehemu. Vilipatikana pia katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wachunguzi walianza kufukua mwaka 1957. Misalaba mitatu ya namna hiyo ilichorwa katika bendera ya Katanga wakati wa kujitenga, tangu 1960 hadi 1963. Wazee waliikumbuka bendera, watoto waliikumbuka shaba, na ilibidi tuwanyamazishe kwa zamu.

Kwa wakubwa kidogo tunapendekeza PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni maabara ya kuigiza: mtoto huunganisha betri, waya, taa na swichi kwenye kioo, na taa huwaka au hukataa kuwaka. Mengi ya majaribio hayo yametafsiriwa kwa Kifaransa, mengine kwa Kiswahili, na mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti. Watoto wetu huona magari yenye shehena ya shaba yakipita kila siku, nasi tumefundisha umeme miaka na miaka kwa picha ya ubaoni, bila kipande kimoja cha waya. Scratch nayo, ya mwaka 2007, hufundisha kutunga programu za kompyuta na ina sura ya Kiswahili. Lakini inadai kompyuta na subira, na sisi bado hatujafika mbali nayo.

Yapo tunayoyakataa waziwazi. Tovuti inayodai jina, umri na picha ya mtoto kabla ya kumwonyesha lolote, tunaifunga. Ile inayomsifu mtoto kila anapogusa kioo, hata akikosea, hatuiamini, kwa sababu mwalimu asifuye kila jibu hajasikiliza hata moja. Mitandao mingi ya kijamii yenyewe imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini, na wazazi wengi hawakujua hilo. Tena hatupendi mtoto akae peke yake na hata kilicho chema. Kabla ya kufungua tunauliza swali moja, na baada ya kufunga tunataka kitu cha mkono: mchoro wa makaa, hesabu ya sokoni, au hadithi isimuliwe upya kwa aliyekosa kuwapo.

Katika kusimulia upya ndiko lilikozuka jambo linalotushughulisha hadi leo. Kati ya hadithi zote tulizozifungua, hatukukutana na hata moja iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kwetu. Bibi yule wa bukari akasema: mbona hamna ya Kalulu jinsi nilivyoisikia mimi? Akaisimulia. Wasichana wawili wakaiandika, wakitaka kuipandisha katika African Storybook ili isomwe popote. Hapo ubishi ukaanza. Wazazi wengine walisema iandikwe kwa Kiswahili sanifu, kile cha Misa na cha vitabu, ili mtoto wa Mombasa aielewe, na ili wetu wasidharauliwe. Bibi alisema Kalulu wake hasemi hivyo. Akiongea kama redio hatamdanganya mtu. Sisi walimu tuligawanyika, na hata mwandishi wa ukurasa huu alibadili upande mara mbili.

Mwishowe tulikubaliana kwamba msimulizi atumie Kiswahili sanifu, na Kalulu mwenyewe aseme Kiswahili cha Kolwezi, na bukari ibaki bukari. Hadithi ina kurasa kumi na mbili. Maneno yamekwisha, picha sita bado. Mwenye mtoto ajuaye kuchora amlete Jumamosi, saa tisa alasiri, na karatasi zipo.