Bibi Yako Alizaliwa Wapi?

Ukimuuliza mtu wa Bukoba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza lini, anaweza kukujibu 1967, anaweza kukujibu 1999, na majibu yote mawili ni sahihi. Ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Ya pili ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, nchi zikiwa tatu. Leo ni nane, hadi Somalia. Ila sisi wa Kagera tuna nyingine ya zamani zaidi, ambayo haina makao makuu wala bendera. Ni ile ya senene, ambao ng'ambo wanaitwa nsenene na wanakaangwa vilevile. Ni ile ya ndizi, ya kahawa za kutafuna anazopewa mgeni kabla hajasema shida yake, na ya gomesi, vazi ambalo mama zetu wanalivaa harusini kama wenzao wa Masaka. Watawala wa Kiziba walikuwa Wabito, ukoo mmoja na wafalme wa Bunyoro. Hayo yote yalikuwepo kabla ya pasipoti.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwa mstari unaofuata digrii moja kusini mwa ikweta. Mstari ule haukufuata mto wala ukoo. Kipande cha ardhi kati yake na Mto Kagera kikabaki upande wetu, na hicho ndicho Idi Amin alichokivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza kwamba sasa ni cha Uganda. Tazama tarehe: Jumuiya ilikufa 1977, vita ikaja mwaka uliofuata. Sisemi kifo cha Jumuiya ndicho kilicholeta vita. Amin alikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba majirani walipogombana, meza ya kukalia ilikuwa imeshauzwa.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Kakuto, upande wa Uganda, akaolewa Kamachumu, Muleba. Vita ilipoanza alikuwa na watoto sita na lafudhi iliyomsaliti kila alipofungua mdomo. Wakimbizi waliotoka Kyaka walipofika kijijini na habari za daraja kuvunjwa na watu kuchinjwa, baadhi ya majirani walianza kunong'ona: huyu si Mganda huyu? Baba anasimulia kwamba mjumbe wa nyumba kumi alikuja jioni moja, akaketi barazani, akaomba maji, akakaa mpaka usiku bila kusema neno kuhusu vita. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akaleta familia mbili za wakimbizi, akamwambia, "Mama, hawa ni wageni wako." Bibi akawapikia ndizi. Minong'ono ikaisha. Nani angemwita adui mama anayelisha watu waliofukuzwa na Amin?

Nimeifikiria sana hekima ya mzee yule. Hakutoa hotuba ya umoja. Alimpa mtu aliyeshukiwa nafasi ya kuonekana.

Lakini vipi mjumbe angekuwa mtu wa aina nyingine? Hapo ndipo penye tatizo la jumuiya yetu ya senene. Inategemea roho ya mtu aliyepo siku hiyo. Tena kufanana kwenyewe kunageuka hatia: anayefanana sana na jirani ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba si jirani.

Julai 2013 taifa liliadhimisha Siku ya Mashujaa hapa kwetu, Kaboya, Muleba, walikozikwa askari wa vita ile. Mwezi huohuo ikatoka amri kwamba wahamiaji haramu waondoke Kagera, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wameishi hapa miongo, wameoa, wamezika. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, na ujambazi wa kutumia silaha uliokuwa barabarani haukuwa hadithi. Ila wakati huo Itifaki ya Soko la Pamoja, yenye maneno mazuri kuhusu watu kutembea na kufanya kazi, ilikuwa na miaka mitatu tangu ianze kutumika.

Miaka kadhaa baadaye nilipeleka fomu ya kitambulisho cha taifa katika ofisi moja. Karani akaniuliza, bila ubaya wowote, "Bibi yako alizaliwa wapi?" Nilijibu ukweli. Faili langu likawekwa pembeni, nikaambiwa njoo na mashahidi. Nilirudi mara nne. Mimi nina elimu, nina nauli, najua kuandika barua. Shangazi yangu, anayeuza ndizi gulioni, yeye angefanyaje?

Mkataba wa 1999 unataja kuaminiana, ujirani mwema na utatuzi wa migogoro kwa amani. Unampa pia mkazi wa kawaida haki ya kuishtaki serikali kwenye Mahakama ya Jumuiya iliyopo Arusha, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili. Hilo Bibi hakuwa nalo mwaka 1978, na ni jambo kubwa. Lakini miezi miwili, kwa mtu wa Kamachumu ambaye hajui hata kwamba mahakama hiyo ipo, inapita kama msimu wa senene.

Tangu 2017 pale Mutukula msafiri anagongewa mihuri yote sehemu moja. Nafurahi kila nikipita. Ila umoja wa nchi haupimwi na foleni fupi siku ya amani. Unapimwa siku yenye hofu, kwa yule mwenye lafudhi ya ng'ambo: je, kuna mlango wa kubisha, na kuna mtu atakayeufungua? Kijiji cha Bibi kilikuwa na mzee mmoja. Jumuiya ya nchi nane haiwezi kumtegemea mzee mmoja.