Kwenda Minneapolis kwa Barabara ya 52

Mombasa ukimwambia mtu umeoa raia wa Marekani, anakupa hongera mbili: moja ya ndoa, nyingine ya makaratasi. Mamangu mwenyewe, siku chache baada ya nikahi, aliniuliza kwa simu kama pasipoti mpya italetwa na posta au nitaifuata ofisini. Nikamweleza kwamba hakuna pasipoti. Ukioa raia unapata haki ya kuomba, basi, na ombi lina fomu zake, ada zake na tarehe zake. Akaguna. "Hao wana mambo kuliko wakwe," akasema, akahamia habari za bei ya unga.

Tarehe ndizo zilizokuwa zikinikosesha usingizi. Nilikuwa na viza ya H-1B, ya kazi, nikifanya kazi ya maabara Rochester, mji wa madaktari ulioko kusini mwa Minnesota. Viza hiyo ina ukomo wa miaka 6: mitatu, kisha mitatu tena. Anayetaka kuupita huo ukomo, kwa kawaida lazima mwajiri wake awe ameanza kumwombea ukaazi wa kudumu angalau mwaka mmoja kabla ya miaka 6 kwisha. Mwajiri wangu alikuwa akisema mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika anasema tena mwaka ujao. Wakili aliniokotea wiki chache kwa kanuni ambayo wengi hawaijui: siku ulizokuwa nje ya Marekani hazihesabiwi katika ile miaka 6, unaweza kuzidai. Mazishi ya babu yangu Kibokoni, Mombasa, yakanipa nafasi ya kupumua huku Minnesota. Mzee huyo alikuwa akinisaidia mpaka kaburini.

Asubuhi ya mahojiano ya ombi langu la ukaazi, Februari 2025, tulikuwa watu watatu garini. Mjomba wake mke wangu ndiye aliyeshika usukani. Ni dereva wa malori, ameendesha mpaka Texas na kurudi mara nyingi, na alikataa katakata niendeshe mimi. "Mwenye kesi hashiki usukani," alisema. "Akili yako iko kwa ofisa, barafu itakupeleka mtaroni." Mke wangu alikaa mbele naye. Mimi nyuma, na faili jeusi mapajani, zito kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Nilikuwa nimekaa Rochester miaka yote hiyo bila kuipita njia hii kwa shughuli ya serikali. Minneapolis tulikwenda kula, kununua viungo, kuhudhuria harusi. Safari hii kila kitu nilikiona upya, kama mgeni. Kutoka Rochester ni kama kilomita 135 kwenda kaskazini. Mashamba ya mahindi yalikuwa meupe, mabua yaliyokatwa yamechomoza juu ya theluji kama ndevu za siku mbili. Tukapita Zumbrota, tukapita Cannon Falls. Hewa ya nje ilikuwa ya kuvunja pua. Ndani, mjomba amefungua taarabu na joto la gari mpaka mwisho.

Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu njia niliyoiacha. Mkewe alikuja kwa njia ya ubalozi. Mume Marekani anapeleka fomu I-130 kuthibitisha ndoa, ikikubaliwa faili linakwenda kwenye Kituo cha Taifa cha Viza, ada zinalipwa, kisha mke anasubiri Kenya aitwe ubalozini Gigiri, Nairobi. Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, daktari aliyeteuliwa na ubalozi, sindano, picha. "Nilimwacha ana mimba," mjomba alisema, "nikamkuta mtoto anaita kila mwanamume baba isipokuwa mimi." Alicheka peke yake.

Njia hiyo ilikuwa wazi kwangu pia. Ningefungasha kabla muda haujaisha, nirudi Mombasa, nisubiri huko. Haina kosa. Ila ingetutenganisha kwa zaidi ya mwaka, pengine sana, na kodi ya nyumba Rochester ingebaki kwa mke wangu peke yake. Wapo pia walionishauri nijiandikishe chuo nipate viza ya mwanafunzi. Ushauri huo siupendi hata leo. Viza ya mwanafunzi inataka umwonyeshe ofisa kwamba una nia ya kurudi kwenu. Mtu mwenye mke raia na mkataba wa nyumba atasemaje hilo bila kupepesa macho? H-1B haina mtego huo, yenyewe inakubali uwe na kazi ya muda na nia ya kukaa.

Tukachagua kuomba tukiwa ndani. Mume au mke wa raia hapangi foleni ya viza ile inayowasumbua ndugu na watoto wakubwa; nafasi yake ipo wakati wote. Kwa hiyo I-130 ya mke wangu na I-485 yangu, fomu ya kuomba ukaazi, zilikwenda katika bahasha moja, pamoja na ombi la kibali cha kazi na ombi la kibali cha kusafiri. Kwa ada zilizoanza Aprili 2024, hiyo ilikuwa dola 675, 1,440, 260 na 630. Jumla 3,005, kabla hujamlipa daktari wala wakili. Niliandika hundi zile mkono ukiwa mzito.

Kuna jambo ambalo nimeliona likiwaumiza watu wetu, nalo ni tarehe gani ya kuangalia. Wengi wanakodolea macho viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Hiyo ni ya kuingilia mlangoni tu. Muda wa kukaa unasomwa kwenye rekodi ya I-94, ambayo siku hizi unaitoa mwenyewe kwenye tovuti ya forodha. Tarehe ya I-94 ikipita na hujapeleka ombi lolote, siku zinaanza kuhesabiwa dhidi yako. Sheria ya mwaka 1996 inasema ukizidisha siku 180 kisha ukaondoka, umefungiwa miaka 3; ukifika mwaka mzima, miaka 10. Mume au mke wa raia aliyeingia kihalali husamehewa kuchelewa huko akiomba akiwa ndani. Lakini akipanda ndege kwenda kuzika, msamaha anauacha uwanja wa ndege. Na hata aliyekwisha kuomba, akitoka bila kibali cha kusafiri mkononi, ombi lake huhesabiwa limetupwa. Wanaosalimika ni wachache, kama wale ambao H-1B yao bado iko hai. Yangu ilikufa tukiwa tunasubiri. Sikuwa nimevunja sheria, maana ombi lilikuwa mezani kwao, lakini kazini sikuruhusiwa kwenda mpaka kadi ya kibali ifike. Nikawa mume wa nyumbani: napika, nazoa theluji, nachungulia sanduku la barua.

Karibu na Rosemount kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pine Bend kilitokea na moshi wake, tukavuka Mississippi, ikiwa imeganda kingoni, na barabara ya 52 ikatumwaga St. Paul kwenye barabara kuu inayokwenda magharibi. Mke wangu akaanza kucheka. Kibao kilikuwa mbele yetu: I-94. Barabara ina jina moja na karatasi niliyoishikilia. Mjomba, ambaye ameipita barabara hiyo kutoka Montana hadi Michigan, hakuwahi kuliwaza hilo. Akatuonyesha badala yake mahali palipokuwa mtaa wa Rondo, mtaa wa Waamerika Weusi wa St. Paul, uliobomolewa katikati ili barabara hiyo hiyo ipite. Makazi ya watu wenye uraia kamili, wa kuzaliwa.

Ofisi ya uhamiaji iko namba 250 Marquette Avenue, katika jengo ambalo sijaona jingine kama hilo. Lilijengwa kwa ajili ya Benki ya Akiba ya Shirikisho (Federal Reserve) na kumalizika mwaka 1973, msanifu wake Gunnar Birkerts, mzaliwa wa Latvia. Ghorofa zake hazikusimama juu ya nguzo chini yake. Zimening'inizwa kwa nyaya kati ya minara miwili, mithili ya daraja, na mchirizi wa zile nyaya unaonekana kwenye vioo vya mbele, umelegea katikati. Nilisimama nikiutazama mpaka mke wangu akanivuta mkono wa koti.

Ndani, mlinzi na mashine, mikanda imevuliwa, simu zimezimwa. Mjomba alibaki nje ya ukumbi. Aliyetuita alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole, kalamu nyekundu. Alituinuisha mikono ya kulia tukaapa. Kisha akaanza fomu yangu, yenye kurasa zaidi ya 20, mstari kwa mstari, na kila jibu lilipolingana na nilichoandika aliweka alama ndogo nyekundu. Jina la mama. Anwani zote. Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Umewahi kupata mafunzo ya kijeshi? Umewahi kuuza dawa za kulevya? Hapana, hapana, hapana, mpaka nikaanza kuogopa nitasema hapana atakaponiuliza kama nimeoa.

Yale maswali ya mswaki wa rangi gani hayakuja. Alimuuliza mke wangu tulikutana wapi, akasikiliza. Alitaka cheti cha ndoa cha kaunti. Kile cha imamu alikitazama, akatabasamu, akakirudisha, kwa kuwa kwao ndoa ni ile iliyosajiliwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Akapitia akaunti ya pamoja, bima, mkataba wa nyumba. Akafika kwenye I-864, dhamana ambayo mke wangu ameisaini kwamba kipato chake kinafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, yaani, kwa watu wawili kwa hesabu ya 2024, dola 25,550 kwa mwaka. Akamuuliza kama anaelewa kwamba dhamana hiyo haifutwi na talaka. Mke wangu akasema anaelewa, akanigeukia na jicho ambalo nalijua.

"Nitapendekeza likubaliwe," ofisa alisema. "Uamuzi utakuja kwa posta."

Mjomba alitupeleka Cedar-Riverside, kwenye hoteli ya Wasomali, wali wa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Alitaka kujua kila swali. Alipomaliza kusikiliza akanawa mikono, akatupa habari nyingine: ndoa yenu haijafika miaka miwili, kwa hiyo kadi ya ukaazi ikija itakuwa ya masharti, ya miaka miwili tu. Ndani ya zile siku 90 za mwisho mtapeleka I-751, mthibitishe tena kwamba mnaishi pamoja. Uraia unaweza kuombwa ikitimia miaka mitatu ya ukaazi, mkiwa bado nyumba moja.

"Na ushahidi wanaoupenda," mjomba akasema, "ni wa vitu vidogo vidogo. Bili. Safari. Chakula."

Mke wangu akamwita mhudumu. "Dada, ile risiti nipe mimi. Na andika tulikuwa watatu, asije mtu akadhani mjomba ndiye mume."