WANAOTOLEWA MCHUJO SIYO WATALII, MUULIZENI FILBERT BAYI

Kila Olimpiki ikifika, ratiba yetu ya mtandaoni huwa naijua kuliko hata ratiba ya mashindano yenyewe. Mtanzania anakimbia asubuhi, anatolewa hatua ya mchujo, na kabla jasho halijamkauka utani umeshaanza: kapiga picha, kala bata, anarudi. "Mtalii." Wadau, leo naomba tuliongelee hilo neno, maana safari hii limemgusa mtu wa kwetu kabisa.

Simtaji jina, na msianze kunisumbua inboksi. Ni binti wa hapa Ushongo, mtoto wa mama yangu mdogo, anakimbia mita 800 na 1500. Alipata nafasi ya kwenda kukimbia nje ya nchi, akashika nafasi ya tano kwenye kundi lake. Waliokuwa wanapita ni watatu. Basi, ikaishia hapo. Siku anarudi, kwenye kivuko kutoka Pangani kuja Bweni, kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza kwa sauti ya juu: "Vipi dada, umetuletea zawadi gani za utalii?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Ila nyumbani alikaa siku tatu hajagusa viatu, na huyu ni mtu ambaye hata siku ya Idi anaamka alfajiri kukimbia.

Siku ya nne nikamfuata nikamwambia, mdogo wangu, hebu nisimulie hiyo mbio. Akaniambia, "Kaka, ile siyo mbio unayoijua wewe."

Kumbe kwanza mnaitwa kwenye chumba kabla ya kuingia uwanjani. Wanakagua namba, wanakagua viatu, wanawabandika namba nyingine ndogo nyongani, halafu mnakaa kwenye viti kimya kama mnasubiri daktari. Mwili ulioupasha moto unapoa hapo hapo. Kisha mbio zenyewe. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na kwenye mchujo hakuna anayetaka kumaliza nguvu zake wakati nusu fainali iko mbele. Kwa hiyo wote mnakaa kundi moja, mwendo wa kuviziana. Viwiko vinagongana, njumu za mwenzio zinakukwaruza miguu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia ndipo watu wanafyatuka. Sasa ukiwa umezibwa kule ndani, mbele mtu, pembeni mtu, unabaki kuangalia migongo inaondoka.

"Pumzi nilikuwa nayo, kaka. Nilikosa mlango."

Aisee, hilo neno la mlango lilinikaa. Nikaanza kusoma habari za mbio za mchujo, na nikatua Munich, Olimpiki ya mwaka 1972.

Kwenye mita 1500 kule alikuwepo Jim Ryun wa Marekani, mshikilizi wa rekodi ya dunia tangu 1967, dakika 3:33.1. Aliwekwa kundi moja na Kipchoge Keino wa Kenya. Ikiwa imebaki kama mzunguko mmoja na kidogo, Ryun anatafuta njia katikati ya watu, akagongana na Billy Fordjour wa Ghana, wote wawili chini. Ryun akainuka, akakimbia, wapi. Akakata rufaa ikakataliwa. Mwenye rekodi ya dunia nje, hatua ya kwanza kabisa.

Kwenye mchujo huo huo alikuwepo kijana wa Tanzania, umri miaka 19, mzaliwa wa Karatu. Filbert Bayi. Naye hakupita. Akajaribu na mita 3000 kuruka viunzi na maji, hakupita vilevile. Ingekuwa leo, tungemtengenezea utani wa wiki nzima.

Sasa tulia. Januari 1973, Michezo ya Afrika kule Lagos, Bayi akashinda mita 1500 na aliyekuwa nyuma yake ni Keino. Tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, akatoka mbele tangu mlio wa bastola na hakupitwa mpaka utepe: 3:32.16, rekodi ya dunia. Rekodi ya nani? Ya Ryun. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaichukua na ile ya maili moja, 3:51.0, nayo ilikuwa ya Ryun. Yaani wote wawili walitolewa mchujo mmoja Munich, na mmoja akaja kumvua mwenzake rekodi mbili.

Watu huwa wanasema Bayi alikimbia mbele kwa sababu ya kiburi cha ujana. Mimi naona vingine. Mtu aliyekaa mbele tangu mwanzo hahitaji kutafuta mlango. Hakuna kiwiko mbele yake.

Na ile ya viunzi na maji aliyotolewa Munich? Moscow 1980 akapata medali ya fedha kwenye mbio hizo hizo. Suleiman Nyambui akapata nyingine ya fedha mita 5000. Hadi Paris 2024 inapita, hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki tulizowahi kupata kama nchi. Kwa hiyo nusu ya kabati letu imeletwa na mtu ambaye kwa lugha ya bodaboda wetu alikwenda kutalii.

Hata wakubwa wa riadha wameona mchujo ni mkali mno, maana kuanzia Paris 2024 wameweka raundi ya nafasi ya pili kwa mbio za mita 200 mpaka 1500. Ukikosa mara ya kwanza, unarudi kukimbia tena na wenzio mliokosa.

Nilimpa binti story yote ya Bayi. Nilitegemea atafurahi. Akanijibu, "Sawa, lakini mimi siwezi kukaa mbele mizunguko yote. Mimi tatizo langu nakimbia peke yangu." Na ni kweli. Huku hatuna uwanja wa tartani. Uwanja wake ni ufukwe, maji yakikupwa mchanga unakuwa mgumu, anatoka Mabaoni anakwenda na kurudi, mashahidi wake ni wavuvi na ngalawa. Kasi anaipata. Kusukumwa na watu kumi na moja wenye njaa kama yeye, nani atamfundisha hapo?

Basi sasa hivi kachukua vijana wanane wanaocheza mpira ufukweni jioni. Wanakimbia naye, wanamweka katikati, na sharti ni moja: wasimpe njia. Siku ya kwanza mmoja alimkanyaga kisigino, binti akaenda chini, mchanga mdomoni, na mama mdogo akataka kumfuata yule kijana mpaka kwao. Siku hizi anatoka. Anasubiri, anapunguza nusu hatua, anazungukia nje.

Wiki hii maji mafu. Ule mchanga mgumu umebaki ukanda mwembamba, tisa hawaenei, wanasukumana bila hata kukusudia. Yeye anasema hiyo ndiyo wiki nzuri.